Kuchagua Haro ya Trekta

Somo hili linahusu haro. Haro ni chombo cha chuma chenye sahani nyingi. Trekta hukivuta shambani. Sahani huzunguka, hukata madongoa, hukata majani na mizizi midogo, na kuuacha udongo ukiwa laini. Plau hupita kwanza na kuugeuza udongo. Haro hufuata baada ya plau. Haro ikipita vizuri, mbegu hupata mahali pazuri pa kuota.

Haro ni ghali. Tena haro haina injini. Nguvu yake yote inatoka kwa trekta. Kwa hiyo haro nzuri si lazima iwe kubwa, wala si lazima iwe mpya yenye rangi inayong'aa. Haro nzuri ni ile inayolingana na trekta lako na udongo wako. Kikundi kinaweza kuweka akiba kwa miaka mitatu, kisha kikaipoteza akiba yote kwa siku moja, kwa sababu kimenunua haro ambayo trekta lake haliwezi kuivuta.

MKUTANO WA KIKUNDI

Tuseme kuna kikundi cha wakulima 20 huko Mabwepande, Wilaya ya Kinondoni. Baadhi ya mashamba yao yako juu, kwenye kichanga. Huko wanapanda mihogo, kunde na mahindi. Mashamba mengine yako bondeni, upande wa Mto Mpiji. Huko udongo ni mweusi na mzito, nao wanapanda mpunga. Wana trekta moja la nguvu za farasi 50, na plau la sahani tatu. Haro hawana.

Kila mwaka wanakodi haro ya mtu mwingine. Mwenye haro humaliza mashamba yake kwanza, ndipo anawaletea. Mwaka uliopita haro ilifika mwishoni mwa Aprili. Masika yalikuwa yameanza tangu Machi. Mahindi yakapandwa kwa kuchelewa. Mvua ikakatika kabla hayajakomaa, na akina mama wengi walivuna debe badala ya gunia.

Sasa kikundi kina fedha za kununua haro yake. Wajumbe wawili wamekwenda mjini, Barabara ya Nyerere, wakaona haro mbili. Ya kwanza ina sahani 14. Ya pili ina sahani 20. Muuzaji amesema ile ya sahani 20 imekaa sana, atawapunguzia bei. Wanachama wamekaa chini ya mwembe wanasikiliza habari hiyo.

"Mimi naona tuchukue ile kubwa," alisema mzee mmoja. "Ina upana. Itamaliza shamba upesi. Na bei imeshuka. Tunangoja nini?"

Watu wengi walimwunga mkono. Ndipo dereva wa trekta akainua mkono. Alikuwa kijana, akasimama kwa adabu.

"Shikamooni wazee. Naomba nimwulize mzee wangu swali. Ukinipa mimi gunia la kilo 100 nilibebe kichwani mpaka sokoni, na mwenzangu ukampa la kilo 50, nani ataleta mzigo mwingi sokoni mpaka jioni?"

"Wewe hutafika hata mara moja," alijibu mzee. Watu wakacheka.

"Ndivyo lilivyo trekta letu, mzee."

Mama Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, habari ya magunia tumeisikia. Lakini fedha hizi ni za watu 20. Tupigie hesabu tuione."

HESABU YA DEREVA

Dereva alichukua chaki. Wewe pia chukua kalamu na karatasi, uifuate hesabu hii.

Haro ya sahani 14 hukata upana wa mita 1.5 hivi kila inapopita. Trekta lenye nguvu za farasi 50 linaweza kuivuta kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Kilomita 6 ni mita 6,000.

1.5 × 6,000 = 9,000

Hizo ni mita za mraba 9,000 kwa saa moja. Eka moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Kwa hiyo ni eka 2 na robo. Lakini trekta hupoteza muda likigeuka mwisho wa shamba. Tena kila mstari hupanda kidogo juu ya mstari uliotangulia. Toa sehemu moja ya tano. Inabaki eka 1.8 kwa saa.

Sasa haro ya sahani 20. Upana wake ni mita 2.2 hivi. Trekta lile lile linaivuta, lakini linalemewa. Moshi mweusi unatoka. Magurudumu ya nyuma yanazunguka bila kusogea mbele sana. Dereva anashusha gia, na mwendo unakuwa kilomita 3 tu kwa saa, yaani mita 3,000.

2.2 × 3,000 = 6,600

Hizo ni kama eka 1.65. Toa sehemu moja ya tano. Inabaki eka 1.3 kwa saa.

Umeona? Haro kubwa imefanya kazi ndogo.

Wakulima 20 wenye eka mbili kila mmoja wana eka 40. Haro hupita mara mbili, kwa hiyo hesabu eka 80. Ukigawa 80 kwa 1.8 unapata saa 44. Ukigawa 80 kwa 1.3 unapata saa 62 hivi. Dereva akifanya kazi saa 8 kwa siku, haro ndogo itamaliza kwa siku 5 na nusu. Haro kubwa itachukua karibu siku 8. Na katika saa zote hizo dizeli inaungua, na injini inakwisha.

"Kumbe!" alisema yule mzee. "Lakini je, hatuwezi kuilegeza ile kubwa ili iwe nyepesi kuvuta?"

Swali la mzee ni zuri. Safu za sahani hukaa kwa pembe, hazikai sawasawa na mwendo wa trekta. Ukiongeza pembe, sahani huingia chini zaidi na haro huwa nzito. Ukipunguza pembe, haro huwa nyepesi. Lakini ukipunguza sana, sahani zinabingirika juu ya ardhi kama gurudumu la baiskeli. Hazikati kitu. Utakuwa umenunua sahani 20 za kutembeza.

SOMA BAMBA MWENYEWE

Karibu na injini ya trekta, au ubavuni, huwa kuna bamba dogo la chuma. Hata haro nzuri huwa na bamba. Usikubali kusomewa. Soma mwenyewe. Herufi utakazokuta ni hizi: hp ni nguvu za farasi. kW pia ni kipimo cha nguvu, na kW 37 ni karibu sawa na hp 50. kg ni kilo. mm ni milimita, na milimita 10 ni sentimita 1.

Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa trekta. Hiyo ni namba ya jina tu. Massey Ferguson 135, ambalo wazee wengi wanalifahamu, halina nguvu za farasi 135. Nguvu zake ni karibu farasi 45. Massey Ferguson 375 ina karibu farasi 75. Farmtrac 60 ina karibu farasi 50. Matrekta yaliyounganishwa Kibaha, yaani Valmet miaka ya 1980 na URSUS miaka ya karibuni, nayo yapo ya nguvu mbalimbali. Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Tafuta hp au kW.

Haro nyingi zinazouzwa kwetu kwa matrekta ya kati ni za kubebwa nyuma ya trekta, na sahani zake zina upana wa sentimita 56 au chini kidogo. Kwa haro za namna hiyo, unaweza kuanza na kipimo hiki. Sahani 12 zinataka farasi 35 hadi 45. Sahani 14 zinataka farasi 40 hadi 50. Sahani 16 zinataka farasi 50 hadi 60. Sahani 18 zinataka farasi 60 hadi 75. Sahani 20 zinataka farasi 75 au zaidi. Trekta lililochoka lihesabie pungufu ya bamba lake. Trekta la farasi 50 lililofanya kazi miaka 15 bila kufunguliwa injini si la farasi 50 tena, hata kama bamba bado linasema hivyo.

KUVUTA NA KUNYANYUA NI KAZI MBILI

Watu wengi huuliza kama trekta litavuta haro. Wachache huuliza kama litainyanyua. Haro ya kubebwa hufungwa kwenye mikono miwili ya chini na mkono mmoja wa juu. Kila trekta linapofika mwisho wa mstari, mikono hiyo huinyanyua haro yote. Ikiwa haro ni nzito kupita kiasi, mambo mawili yanatokea. Ama mikono haipandi, ama mikono inapanda na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi.

Hili la pili ni la hatari. Usukani unageuka lakini trekta haligeuki. Kwenye mlima, au trekta likipita juu ya tuta, mbele panaweza kunyanyuka kabisa, na trekta likamwangukia dereva kinyumenyume. Madereva wamekufa kwa namna hiyo.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Chukua ndoo ya maji. Ishike karibu na kifua. Sasa nyosha mkono, uishike mbali nawe. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, lakini mkono unatetemeka. Haro nayo uzito wake hauko kwenye ncha za mikono ya trekta. Uko nyuma zaidi. Kwa sababu hiyo muuzaji akikuambia kuwa trekta linanyanyua kilo 1,200, usichukue haro ya kilo 1,100 ukasema inatosha. Haitoshi.

Haro ikiwa juu, magurudumu ya mbele yabaki na uzito usiopungua moja ya tano ya uzito wa trekta tupu. Trekta la kilo 2,000 libakiwe na kilo 400 mbele. Uzito huu unaweza kupimwa kwenye mizani ya magari. Ukipungua kidogo, vipo vyuma vya uzito vya kufunga mbele ya trekta. Ukipungua sana, haro hiyo si ya trekta hilo.

Tazama pia pini. Matrekta madogo yana pini za chini zenye unene wa milimita 22. Matrekta ya kati mengi yana za milimita 28. Pini nyembamba ikiingia kwenye tundu kubwa, inacheza, inalika, kisha inakatika shambani. Zipo bushi za kuziba nafasi hiyo. Ulizia bushi kabla hujalipa. Msumari au kipande cha nondo si pini.

Zipo pia haro za kukokotwa, zenye magurudumu yake. Hizo hazibebwi na trekta, kwa hiyo zinaweza kuwa nzito. Lakini zinahitaji bomba la mafuta kutoka kwenye trekta ili kupandisha na kushusha magurudumu, na si kila trekta la zamani lina bomba hilo. Vilevile zinahitaji nafasi kubwa ya kugeuka. Mashamba yetu ya eka moja na mbili, yenye minazi na mikorosho katikati, kwa maoni yangu hayafai kwa haro za kukokotwa.

UDONGO UNA SAUTI YAKE

Hesabu ya farasi haitoshi bila kutazama udongo. Pembezoni mwa Dar es Salaam udongo haufanani. Pwani ya Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya Temeke kabla haijawa wilaya, ina kichanga kingi. Chamazi na Mbagala pia kipo. Ukishuka kwenye mabonde, kama bonde la Mto Mzinga au la Mpiji, unakuta mfinyanzi unaonata.

Kichanga ni chepesi kukata. Haro yenye uzito wa kilo 30 hivi kwa kila sahani inatosha. Kuujua uzito huo ni rahisi: gawa kilo za haro kwa idadi ya sahani. Haro ya kilo 420 yenye sahani 14 ina kilo 30 kwa kila sahani. Mfinyanzi mgumu, au ardhi ambayo haijapitiwa na plau, inataka haro nzito zaidi, ya kilo 45 au 50 kwa sahani. Haro nyepesi kwenye mfinyanzi mkavu huruka-ruka tu juu ya madongoa.

Basi kikundi chenye udongo wa aina mbili kifanye nini? Kisinunue haro kwa ajili ya wiki moja ngumu ya mwaka. Kitazame shamba lipi lina eka nyingi. Kule bondeni kingoje unyevu unaofaa. Chukua konzi ya udongo, ikamue, kisha iachie ianguke. Ikivunjika vipande, peleka haro. Ikibaki donge linalonata, ngoja. Haro ikipita kwenye mfinyanzi uliolowa sana, inaushindilia chini, na maji hayapiti tena. Udongo ukiwa na unyevu unaofaa, haro nyepesi hufanya kazi ambayo haro nzito haiwezi kuifanya wakati wa ukavu.

Kwenye kichanga kuna hatari nyingine. Watu hupenda kuona shamba laini kama unga, basi hupitisha haro mara tatu, mara nne. Mvua ya kwanza kubwa inaondoka na udongo huo. Jua nalo linakausha unyevu wote. Mara moja au mbili inatosha. Yapo mashamba ya kichanga yasiyohitaji hata plau. Haro peke yake inatosha, na mabua ya mwaka jana yakibaki juu yanalinda udongo.

Mchanga pia unakula chuma, kama msasa unavyokula ubao. Hapa nchini kwetu tuna mfano mkubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga huko Kongwa, na pia Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi, baadhi yakiwa masalia ya Vita Kuu ya Pili. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu sana, na mchanga wake ulikula vyuma vya kulimia upesi kuliko vilivyoweza kuletwa vingine. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Pauni zaidi ya milioni 30 zilipotea. Watu wale walikuwa na wahandisi, meli na benki. Mkulima wa eka mbili hana hata kimoja katika hivyo, kwa hiyo inambidi aupime udongo kwanza.

KUZITAZAMA SAHANI

Pima sahani kwa futi kamba, kutoka ukingo mpaka ukingo. Haro huweza kuingia ardhini kiasi cha robo ya upana wa sahani yake. Sahani ya sentimita 56 itaingia sentimita 14 hivi. Sahani iliyolika mpaka sentimita 46 haifiki hata sentimita 12. Kwa hiyo ukinunua haro iliyotumika, unanunua pia hesabu ya sahani mpya. Uliza bei ya sahani moja huko Gerezani, zidisha kwa idadi yake, kisha ongeza kwenye bei ya haro. Mara nyingi haro ya bei nafuu huacha kuwa nafuu hapo hapo.

Sahani ni za aina mbili. Zipo zenye ukingo mzima, na zipo zenye meno. Zenye meno hukata mizizi na mabua vizuri zaidi. Kwa mashamba yenye majani mengi, safu ya mbele iwe na meno, na safu ya nyuma iwe na ukingo mzima.

Halafu tazama beringi. Mwambie muuzaji aining'inize haro. Zungusha kila safu kwa mkono. Izunguke bila kukwaruza. Shika sahani ya mwisho, ivute na kuisukuma. Ikicheza, beringi zimekwisha, au nati kubwa ya mwisho wa ekseli imelegea. Nati hiyo ni ndogo kuliko ngumi, lakini ikilegea kwa wiki moja, tundu za sahani zote zinapanuka na ekseli inalika. Katika kichanga chagua beringi zilizofunikwa vizuri, zisizoingiza mchanga, na zenye mahali pa kutilia grisi. Haro isiyo na mahali pa grisi iache kwa mwenyewe.

Kwa mfinyanzi, hakikisha vipo vikwangulio, yaani vyuma vidogo vinavyokwangua udongo ulionata kwenye sahani.

JARIBU UONE

Huko Kigamboni kuna mahali panaitwa Gezaulole. Jina hilo ni la Kizaramo, na maana yake ni jaribu uone. Mnunuzi wa haro na afanye hivyo.

Mwombe muuzaji siku moja ya majaribio kwenye shamba lenu, si kwenye uwanja wake. Piga alama ya chaki kwenye tairi kubwa la nyuma. Trekta liende bila haro kazini, juu ya udongo ule ule. Hesabu mizunguko 10 ya tairi, kisha pima umbali uliokwenda. Tuseme ni mita 40. Sasa shusha haro, ifanye kazi. Hesabu tena mizunguko 10 na upime. Tuseme ni mita 35. Mmepoteza mita 5 katika 40. Hiyo ni kama 12 katika kila 100. Ni nzuri. Hata 15 katika 100 inakubalika, na kwenye kichanga kilicholegea inaweza kuzidi kidogo. Lakini mkipata mita 28, mmepoteza mita 12 katika 40, yaani 30 katika kila 100. Karibu theluthi moja ya dizeli yenu inazungusha tairi bure na kulila. Rudisheni haro hiyo.

Wakati wa majaribio, inyanyue haro mahali tambarare na ugeuze usukani polepole. Trekta ligeuke mara moja. Kisha ingia nyuma yake shambani, chimba kwa mkono mahali patatu, upime kina. Kilingane pote.

Muuzaji anayekataa majaribio ana sababu yake. Muulize pia kama haro ya aina hiyo imepimwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, na kama ana karatasi ya vipimo. Stakabadhi iandikwe idadi ya sahani, upana wake, uzito wa haro, na muda wa kuihudumia ikiharibika. Katibu aisome kwa sauti mbele ya wajumbe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

WATU SI MAWE

Kuna desturi mbaya inayoonekana katika mashamba mengi. Haro ikiwa nyepesi, watu hupandisha vijana juu yake ili iongezeke uzito. Kijana mmoja akiteleza mbele ya sahani, hakuna breki itakayomwokoa. Haro inayohitaji mtu juu yake ili ikate ni haro iliyochaguliwa vibaya. Zipo haro zenye sanduku la kuwekea mawe au mifuko ya mchanga. Tumia hilo, na lisijae kupita nguvu ya trekta.

Ukitengeneza haro, usiingie chini yake ikiwa imening'inia kwenye mikono ya trekta. Mafuta yakivuja, inashuka yote mara moja. Iweke juu ya magogo imara. Na ukipita Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo, ibebe haro juu na ufunge mnyororo. Funga vitambaa vyekundu pande zote mbili, maana sahani za pembeni zinatokeza, na mwenye pikipiki hazioni gizani.

UAMUZI WA KIKUNDI

Wale wakulima wa Mabwepande walifanya majaribio ya haro ya sahani 14. Mizunguko 10 ilitoa mita 35 kwenye kichanga na mita 33 bondeni. Mama Mwenyekiti aliuliza kama mita 33 ni mbaya. Dereva alipiga hesabu: mita 7 katika 40 ni zaidi kidogo ya 17 katika 100. Akasema bondeni atapunguza pembe ya safu, apite mara mbili, na kazi waianze udongo ukiwa na unyevu kidogo. Wanachama walikubali kuinunua, kwa sharti kwamba safu ya mbele iwekwe sahani za meno. Fedha iliyobaki walinunulia bomba la grisi, beringi mbili za akiba, na sahani mbili. Yule mzee ndiye aliyepewa kazi ya kutunza daftari la grisi. Kila jioni dereva anatia grisi, na mzee anaandika tarehe.

MASWALI

1. Kwa nini haro ya sahani 20 ilifanya eka chache kuliko ya sahani 14?

2. Haro ina kilo 640 na sahani 16. Kila sahani ina kilo ngapi? Je, uzito huo unafaa zaidi kichanga au mfinyanzi?

3. Bila haro, mizunguko 10 ya tairi ilikwenda mita 38. Haro ikifanya kazi, ilikwenda mita 30. Ni mita ngapi zilizopotea? Je, ungeinunua haro hiyo?

4. Trekta lina uzito wa kilo 2,500. Haro ikiwa juu, magurudumu ya mbele yanapaswa kubaki na kilo ngapi?

5. Tazama trekta linalolima kijijini kwenu. Tafuta bamba lake. Andika hp au kW zake katika daftari lako. Kisha mwulize dereva haro yake ina sahani ngapi, na mzungumze darasani kama vinalingana.